Kabla Hujachomeka Kalamu Kwenye Soketi, Wasome Kwanza Hawa Watu

Hii imeshakutokea, usibishe. Simu iko asilimia 3, chaja ina pini mbili za duara, soketi ya ukutani ina matundu matatu ya mraba. Unafanyaje? Unachukua kalamu, unaizamisha kwenye tundu la juu, yale mawili ya chini yanafunguka, chaja inaingia, maisha yanaendelea.

Sasa jiulize. Kwa nini tundu la juu ndilo linalofungua mengine? Nani alikaa chini akapanga hivyo, na alikuwa anamzuia nani?

Jibu lake ni stori ndefu kidogo. Ina matajiri wawili wa New York, Mfaransa wa ukoo wa mafundi saa, mwanamke mmoja aliyekaa kwenye kamati ya wanaume watupu, na mwanamke mwingine wa Afrika Kusini aliyeuawa na umeme nyumbani. Majina yao yanaachwa hapa kwa makusudi. Hata fundi umeme wa mtaani kwako hawajui kwa majina, ila kila siku anashika kazi za mikono yao.

Tajiri wa reli na ukuta uliowaka

Mwanzoni mwa miaka ya 1880, kuwa na umeme nyumbani New York ilikuwa ni kama kuwa na gari la kifahari leo. Mtaa mzima unajua. Tena hapakuwa na nguzo ya kuunganishiwa. Tajiri akitaka taa, anafungiwa mtambo wake mwenyewe chini ya nyumba, na boila ya mvuke juu yake.

Basi bwana, tajiri mmoja wa reli, mwenye jumba lake Fifth Avenue, akamwita mvumbuzi aliyekuwa gumzo la dunia wakati huo. Waya zikavutwa. Usiku wa kujaribu taa, familia ikaingia kushangaa. Hazikupita dakika nyingi, ukuta wa chumba cha picha ukaanza kuungua.

Kumbe ukuta ulifunikwa kwa kitambaa cha hariri kilichofumwa na nyuzi nyembamba za chuma. Waya mbili ziligusana na zile nyuzi, nyuzi zikawa nyekundu kama mkaa. Kwa Kiswahili cha mtaani: shoti.

Mvumbuzi hakuchanganyikiwa. Alijua tatizo palepale, akaagiza watu wakimbie chini wazime mtambo. Umeme ulipokatwa, moto ukafa wenyewe. Ndiyo kazi ya fundi hiyo: kujua chanzo, kukata umeme, halafu mengine baadaye.

Lakini mwenye nyumba wa kike alishapata hofu. Alipoambiwa kwamba chini ya nyumba yake kuna boila, akasema hakai juu ya boila. Mtambo wote ukang'olewa. Cha kuchekesha, mwaka 1883 mke wa mmoja wa watoto wao alitinga kwenye pati kubwa ya mjini akiwa na gauni la "taa ya umeme", betri imefichwa ndani. Umeme wa kuvaa, sawa. Umeme wa ukutani, hapana.

Bosi wa benki na meza iliyoungua

Mtaa wa Madison Avenue, miaka ileile, bosi mmoja wa benki naye alifungiwa mtambo, nyuma ya nyumba chini ya banda la farasi. Injinia alikuja saa 9 mchana kuwasha mvuke, na saa 5 usiku kazi yake inaisha. Familia ikijisahau, ghafla giza. Mgao wa umeme, ila wa tajiri. Majirani nao walilalamika kwa kelele za mashine.

Bosi akataka taa juu ya meza yake ya maktaba. Jamaa mmoja wa kampuni ya taa akampitishia waya chini ya zulia. Usiku mmoja ikapiga shoti. Asubuhi yake meza imeungua, zulia limeharibika, chumba kinanuka moshi.

Jamaa akaitwa. Alikuja akiwa na woga, akijua huyu mzee hana mchezo. Bosi akamuuliza swali moja tu: sasa utafanya nini? Jamaa angeweza kulaumu umeme, hali ya hewa au wafanyakazi wa ndani. Hakufanya hivyo. Alikiri kwamba ubaya hauko kwenye umeme wenyewe, ni yeye aliyefunga vibaya, na kwamba atarudia kazi mpaka iwe salama. Bosi akakubali.

Nyumba mbili, hitilafu ya aina moja. Kwa mmoja, ikatupwa teknolojia nzima. Kwa mwingine, kosa likatafutwa na kurekebishwa. Leo watu wengi wana umeme kwa sababu njia ya pili ndiyo iliyoshinda. Ila bado mtaani kuna njia ya tatu, mbaya kuliko zote: kulinyamazisha tatizo. Hiyo inakuja hapo chini.

Waya dhaifu kwa makusudi

Mwaka 1847, kabla hata ya taa za majumbani, kulikuwa na simu za waya za telegrafu. Radi ikipiga, umeme wake unafuata waya mpaka ofisini na kuharibu mashine. Mfaransa mmoja wa Paris, wa ukoo wa mafundi saa maarufu, akapendekeza kitu cha ajabu: mahali fulani njiani, weka kipande cha waya chembamba zaidi. Radi ikija, kipande hicho kiyeyuke na njia ikatike.

Hiyo ndiyo fyuzi. Kipande kinachowekwa kidhaifu makusudi ili kife badala ya nyumba. Mwaka 1890 yule mvumbuzi wa stori ya Fifth Avenue alichukua hataza ya fyuzi kama sehemu ya mfumo wake wa kusambaza umeme.

Shida ya fyuzi ni kwamba ikishakufa imekufa, lazima ununue nyingine. Ndipo mwaka 1924 mafundi wa Mannheim, Ujerumani, wakaja na breka ndogo ya nyumbani. Ndani yake kuna kipande cha metali kinachopinda kikipata joto, na sumaku inayovuta ghafla umeme ukizidi sana. Kile cha joto kinashughulikia ekstensheni yenye vitu vingi, sumaku inashughulikia shoti. Ikishuka, unaondoa tatizo, unaipandisha.

Kamati, vita na lile tundu la juu

Uingereza, katikati ya Vita Kuu ya Pili. Mabomu yanaanguka, lakini serikali inajua vita vitaisha na nyumba zitajengwa upya. Kamati ya watu 20 ikaundwa kupanga umeme wa nyumba hizo. Kati ya 20, mwanamke ni mmoja tu. Alikuwa injinia, na kwa miaka mingi aliongoza chama cha wanawake kilichofundisha akina mama kutumia umeme bila hofu.

Kamati ilitoa ripoti mwaka 1944, na mwaka 1947 kiwango kipya cha plagi kikatoka: pini tatu za mraba. Shaba ilikuwa adimu baada ya vita, kwa hiyo soketi nyingi ziliunganishwa kwenye mzunguko mmoja wa waya, na kila plagi ikawekewa fyuzi yake ndani. Fungua plagi yako, utaikuta.

Halafu kuna lile la watoto. Matundu mawili yenye umeme yalitakiwa yajifunge yenyewe, mtoto asiingize kidole wala msumari. Pini ya juu, ya ethi, ikafanywa ndefu kuliko nyingine. Inaingia ya kwanza, inafungua vizuizi, inatoka ya mwisho. Yaani kifaa kinashikwa na ulinzi kabla hakijashikwa na umeme.

Kwa kuwa Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda zilikuwa chini ya Waingereza, plagi hiyo ikaja huku na haijaondoka. Kwa hiyo ukizamisha kalamu pale juu, unafungua mlango uliofungwa kwa ajili ya mtoto.

Kusema ukweli, chaja yenye alama ya mraba ndani ya mraba haihitaji ethi, ina ulinzi wake ndani. Hatari iko kwingine. Pini za duara kwenye matundu ya mraba zinalegea, zikilegea zinatoa cheche na joto, na ile fyuzi ya ndani ya plagi haipo tena. Adapta yenye pini tatu na fyuzi yake ni rahisi kuliko godoro.

Mwanamke wa Stilfontein

Fyuzi na breka zina siri moja ambayo watu wengi hawaijui: zinalinda waya, hazikulindi wewe.

Piga hesabu. Balbu ya LED ya wati 7 kwenye umeme wa volti 230 inavuta takriban miliampea 30. Kiasi hicho kikipita kifuani kwako kwa muda, kinaweza kusimamisha moyo. Breka ya ampea 32 inasubiri umeme mara elfu moja zaidi ya huo. Wewe unakufa, breka haina habari.

Afrika Kusini, kwenye migodi ya dhahabu, hilo lilikuwa tatizo la kila siku. Maji, chuma na umeme pamoja. Mwaka 1955 injinia mmoja wa huko alitengeneza kifaa kinacholinganisha umeme unaoenda na unaorudi. Ukienda 10 ukarudi pungufu, maana yake kuna unakovujia, labda kwenye mwili wa mtu. Kifaa kinakata. Kufikia 1956 alikuwa ameshakifanya kihisi hata uvujaji mdogo wa chini ya miliampea 20.

Kisha katika kijiji cha wachimbaji cha Stilfontein, mwanamke mmoja akauawa na kifaa cha umeme nyumbani kwake. Hakuwa mgodini, alikuwa nyumbani. Baada ya msiba huo, mwaka 1957 na 1958, nyumba mia kadhaa za kijiji hicho zikafungiwa vifaa hivyo. Mwaka 1961 profesa mmoja wa California, aliyekuwa amepima kwa watu wa kujitolea ni umeme kiasi gani unamfanya mtu ashindwe kuachia waya, naye akaja na kifaa kama hicho kwa Marekani.

Leo kinaitwa RCD. Kina kitufe kidogo cha kujaribia. Kama nyumba yako inacho, kibonyeze. Kisipokata, kimekufa, na hakuna anayekulinda.

Breka ikishuka, inakuambia kitu

Dar es Salaam ilianza kuona umeme wa umma mwaka 1908, enzi za Wajerumani, kwa karakana za reli na mitaa waliyokaa wakoloni. Watu wengi wa mjini walisubiri miaka mingi sana kabla ya waya kufika kwao. Leo umefika hadi kwenye saluni, kibanda cha chipsi na duka la miamala. Hitilafu nazo zimefika.

Fundi mzuri akiitwa breka inashuka, haanzi na bisibisi, anaanza na maswali. Inashuka saa ngapi? Ukiwasha nini? Mvua ikinyesha? Anachomoa vitu vyote, anapandisha breka. Ikikaa, anarudisha kimoja kimoja mpaka mhalifu ajulikane: pasi, friji au jagi la kuchemshia maji. Ikishuka hata bila kitu chochote, tatizo liko kwenye waya, na hapo anakata umeme wa nyumba nzima na kupima njia moja baada ya nyingine. Soketi iliyobadilika rangi, harufu ya plastiki, taa zinazofifia friji likiwaka, vyote kwake ni ushahidi.

Fundi wa njia ya tatu anafanya nini? Fyuzi imekatika, anafunga waya wa shaba. Breka ya ampea 16 inashuka, anaweka ya 32. Mwili wa friji unapiga shoti, anakwambia vaa ndala. Bei yake ni nafuu, anamaliza dakika 10, na usiku huo taa zinawaka vizuri kabisa.

Ila ameshawafukuza wote. Mfaransa wa 1847 hayupo tena kwenye ile fyuzi, Wajerumani hawapo kwenye ile breka, na kilichobaki ni meza ya bosi wa benki, waya chini ya zulia, ikisubiri usiku wake. Kesho yake habari itasema chanzo ni hitilafu ya umeme. Wakati hitilafu ilishajitaja wiki nzima, ikazibwa mdomo.

Kwa hiyo ukiita fundi, muulize ana leseni ya EWURA. Mwambie huna haraka. Na breka ikishuka mara ya pili, usiipandishe kwa hasira. Inakuambia kitu.

Wewe je, fundi wako wa mwisho alitafuta tatizo au alilinyamazisha? Dondosha komenti yako hapo chini, na mtumie hii yule rafiki yako mwenye kalamu kwenye soketi.