PlayStation ilivyofika Kahama na Geita bila wakala

Sony ilipoingiza PlayStation 2 katika maduka ya Ulaya mwaka 2000, mnunuzi wa London alipewa risiti, waranti na mahali pa kulalamika. Shinyanga haikuwamo kwenye mpango huo. Tanzania Bara yenyewe ilikuwa imeanza kutazama televisheni ya ITV mwaka 1994, mwaka uleule PlayStation ya kwanza ilipotoka Japani.

Mashine zilikuja hata hivyo, kwa njia ileile iliyoleta redio na simu: Dubai, Kariakoo, kisha buti la basi hadi Shinyanga mjini, Kahama na Geita. Nyingi zilikuwa zimeshatumika. Za Japani zilitaka umeme wa volti 100. Aliyezichomeka moja kwa moja kwenye volti 230 za Tanesco aliziunguza siku hiyohiyo.

Soko lililetwa na dhahabu. Mgodi wa Geita ulianza kuzalisha mwaka 2000, Bulyanhulu 2001, Buzwagi 2009, na kando yake wakawapo wachimbaji wadogo wa Nyarugusu na Rwamgasa, wenye hela leo na mifuko mitupu kesho. Mtu wa namna hiyo hanunui mashine, analipia mechi. Ndiyo maana gemu huku zilikulia mabandani.

Lakini msambazaji mkuu, kwa maoni yangu, alikuwa fundi. Ndiye aliyefunga chipu iliyoifanya mashine isome CD za kunakili. Vumbi lilipoua lenzi, akaachana na CD kabisa: kadi ya kumbukumbu yenye programu maalumu ikaiwezesha PS2 kufungua gemu kutoka kwenye flashi. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 ilikataza kunakili. Sawa, ila gemu halali ungeinunua duka gani Kahama?

Sony iliacha kutengeneza PS2 mwanzoni mwa 2013, ikiwa imeuza zaidi ya milioni 150. Wakati huohuo nchi ilikuwa ikizima mitambo ya analojia, na TV za chogo zilizofukuzwa sebuleni zikapata ajira mabandani, maana gemu haidai king'amuzi.

Sasa PS4 na PS5 zimefika, lakini Tanzania bado haimo katika orodha ya nchi zinazohudumiwa na duka la mtandaoni la PlayStation. Kijana wa Geita anayetaka kununua gemu humo hana budi kujiandikisha kama mkazi wa Marekani, Uingereza au Afrika Kusini.