Baiskeli za Nyumbani na Lugha ya Matengenezo Katika Ukanda wa Maziwa Makuu

Utangulizi

Historia ya usafiri katika Afrika Mashariki na Kati imeandikwa zaidi kwa kufuata reli, barabara na, katika miaka ya karibuni, pikipiki. Baiskeli hutajwa kwa kupita tu, kana kwamba ilikuwa kituo kifupi baina ya mguu na injini. Hata inapopewa nafasi, huchunguzwa kama bidhaa: ilinunuliwa kwa fedha za zao gani, na mwenye nayo alipata heshima gani kijijini. Yaliyofuata baada ya kununuliwa, yaani miaka ishirini au thelathini ya kutiwa viraka, kupakwa grisi na kubadilishwa vipuri uani, hayajashughulikiwa sana.

Makala haya yanahusu miaka hiyo. Yanadai kwamba kaya nyingi za ukanda wa Maziwa Makuu ziliweza kuweka baiskeli mbili, tatu au zaidi zikitembea kwa muda mrefu, kwa gharama ndogo, kwa sababu mambo mawili yalishikana. La kwanza ni vipuri vilivyolingana vipimo, hata vilipotoka katika viwanda na nchi tofauti. La pili ni maarifa ya ufundi yaliyopitishwa kwa mdomo, kwa maneno ambayo wenyewe waliyaunda au kuyakopa. Nguzo ya kwanza imekwisha kupata ufa. Ya pili haijaandikwa ipasavyo, na hilo linawahusu wanaisimu na washauri wa sera kwa kiwango kimoja.

Chombo kimoja, majina mengi

Tairi la upepo lililobuniwa na John Boyd Dunlop mjini Belfast mwaka 1888 ndilo lililoifanya baiskeli iweze kustahimiliwa na mwili wa mpandaji. Aina iliyoenea katika makoloni ya Uingereza ilikuwa ile nzito ya chuma, yenye breki za vyuma badala ya waya, kutoka viwanda kama Raleigh wa Nottingham na Hercules wa Birmingham. Magurudumu yake yalikuwa ya inchi 28 kwa 1½. Gurudumu la mbele lilikuwa na njiti 32 na la nyuma 40, kwa kuwa nyuma ndiko kunakobebwa mzigo. Fedha za pamba katika Buganda na Usukuma, na za kahawa katika Bukoba, ziliingiza baiskeli za namna hii katika nyumba za wakulima.

Umbo hilo halikufa pamoja na ukoloni. Viwanda vya Asia, kama vile Phoenix wa Shanghai na Hero wa Ludhiana, viliendelea kuliunda kwa vipimo vilevile au vilivyokaribiana sana. Nchini Kenya likapewa jina la Black Mamba. Kwa hiyo mtu aliyerithi baiskeli ya Kiingereza kwa baba yake aliweza kuitia rimu ya Kihindi na tairi la Kichina, na safari ikaendelea.

Majina hayakulingana hivyo. Kiswahili cha pwani na bara la Kenya na Tanzania kilichukua baiskeli kutoka Kiingereza. Kiganda kilichukua eggaali, neno lenye asili moja na gari la Kiswahili, ambalo asili yake ni Kihindi. Treni nayo ikaitwa eggaali y'omukka, gari la moshi. Kinyarwanda kina igare. Kirundi kina ikinga, na Kiswahili cha Lubumbashi kina kinga, maneno yasiyo mbali na njinga ya Kichewa. Mzungumzaji wa Kiswahili sanifu anayefika Lubumbashi na kuambiwa kwamba kinga imeibwa huenda akadhani anasimuliwa habari za uganga.

Katika sehemu za chombo tofauti huwa kubwa zaidi. Fundi wa Tanzania husema tairi na breki. Mwenzake wa Rwanda husema ipine na feri, kwa kufuata Kifaransa. Lakini si kila neno lilikopwa kutoka kwa watawala. Parafujo ni la Kireno na ni la zamani kuliko baiskeli yenyewe. Mpira, ambao ni neno la kitu cha kuchezea na pia la utomvu, ulitosha kuzaa mpira wa ndani. Gololi za kitovu cha gurudumu ni jina lilelile la zile ambazo watoto huzichezea mchangani, na mara nyingi ni chuma kilekile: gololi iliyochakaa ikitolewa kwenye baiskeli, mtoto wa nyumba hiyo huwa amekwisha kunyosha mkono. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ili kusanifisha Kiswahili katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar ilijishughulisha zaidi na lugha ya vitabu vya shule. Lugha iliyokuwa ikisanifishwa chini ya mwembe, baina ya fundi na kijana wake, haikuwa na kamati.

Uchumi wa uani

Kaya yenye baiskeli kadhaa haikuzimiliki kwa usawa. Ile bora ilikuwa ya mwenye nyumba, yenye keria pana, madigadi zote mbili na kengele. Ya pili ilikwenda mashineni na kisimani. Ya tatu ilikuwa ya vijana, haina madigadi, na mtoto asiyefikia kiti alipitisha mguu ndani ya fremu akaiendesha akiwa amepinda ubavu. Aghalabu palikuwepo na ya nne isiyokwenda popote: fremu iliyotundikwa kwenye boriti, ambayo kila mwaka ilizidi kuwa nyepesi.

Vipuri vilishuka ngazi hiyo kwa utaratibu. Tairi jipya liliwekwa nyuma kwenye baiskeli ya mwenye nyumba. Lililolika likahamia mbele, na la mbele likateremka kwenye baiskeli ya kisimani. Lilipopasuka ubavu, lilikatwa kipande kikalazwa ndani ya tairi jingine lililotoboka, ili mpira wa ndani usitokeze nje. Mpira wa ndani uliojaa viraka hata usishike kingine ulikatwa kuwa viraka vya mipira mingine, na uliobaki ukawa kamba za kufungia mizigo kwenye keria. Ni nadra kitu kutupwa. Yeyote anayetaka kukadiria idadi ya baiskeli katika kaya kwa kuhesabu zilizo barabarani atakosea, kwa sababu ile iliyotundikwa nayo inafanya kazi.

Ulinganifu wa vipimo ndio uliowezesha mzunguko huu. Katika baiskeli za umbo la Kiingereza, gololi za kitovu cha nyuma na zile za ekseli ya pedali ni za ukubwa mmoja, robo inchi. Za kitovu cha mbele ni ndogo zaidi. Mwenye kujua hili aliweza kufungua ekseli ya pedali ya baiskeli iliyokufa akapata gololi za kuokolea gurudumu la nyuma la iliyo hai. Asiyejua alinunua, au alichanganya gololi mpya na zilizolika, na zile mpya zikabeba uzito wote peke yake mpaka zikapasuka.

Matengenezo yenyewe yalifuata msimu. Baada ya masika, vitovu vilifunguliwa juu ya gunia, gololi zikahesabiwa, zikaoshwa kwa mafuta ya taa na kurudishwa ndani ya grisi mpya. Koni ilikazwa hadi gurudumu lisicheze, kisha ikalegezwa kidogo. Kipimo kilikuwa valvu, ambayo kwa uzito wake inapaswa kulizungusha gurudumu taratibu mpaka ikae chini. Mnyororo ulijaribiwa kwa kuuvuta kutoka kwenye jino la mbele: ukinyanyuka hata jino lote likaonekana, umerefuka na utakula meno ya friwili. Rimu ilinyoshwa kwa kugeuza baiskeli miguu juu na kushika kipande cha chaki au ukucha karibu na ukingo wake, kisha njiti za upande mmoja zikakazwa na za upande wa pili zikalegezwa, robo mzunguko kwa robo mzunguko.

Kuziba pancha kulikuwa somo la kwanza la mtoto. Mpira hutiwa upepo na kuzamishwa kwenye beseni mpaka mapovu yaonyeshe tundu. Hukaushwa, hukwaruzwa kwa msasa, hupakwa gundi, halafu huachwa. Kosa la wanagenzi wote ni kubandika kiraka gundi ikiwa bado mbichi. Fundi hamwelezi mwanagenzi habari za kuvukiza kwa kiyeyushi. Humwambia asubiri gundi isishike kidole. Maelekezo ya namna hii, mafupi na yenye kipimo cha mwili ndani yake, ndiyo yanayopotea maarifa haya yanapohamishiwa kwenye miongozo iliyotafsiriwa.

Palikuwa pia na mpaka usioandikwa. Wasichana wengi walishika taa, walileta maji na kuhesabu gololi, lakini spana ilikabidhiwa kaka. Matokeo yake ni kwamba katika kaya ambazo wanaume walihamia mijini, baiskeli ziliweza kukaa kwa hitilafu ambayo mama mwenye nyumba aliiona ikitengenezwa mara nyingi.

Miaka ya uhaba

Nguvu ya utaratibu huu huonekana vipuri vinapokatika. Japani ilipoiteka Malaya mapema mwaka 1942, mpira ulikuwa adimu katika himaya yote ya Uingereza, na mashamba ya zamani ya mpira ya Tanganyika yakagemwa tena kwa ajili ya vita. Kwa mwenye baiskeli, hicho kilikuwa kipindi cha kushona matairi.

Pigo la pili lilikuja miaka ya 1970. Kufukuzwa kwa Waasia nchini Uganda mwaka 1972 kulivunja mtandao wa maduka yaliyouza vipuri hadi miji midogo. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ya awali ilivunjika, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi 1983, wakati ambapo Tanzania nayo ilikuwa na upungufu mkubwa wa fedha za kigeni. Neno la Kiswahili magendo likaingia katika mazungumzo ya kila siku ya Waganda. Baiskeli ilikuwa chombo cha magendo na pia shehena yake, na si ajabu kwamba huduma ya kubeba watu na mizigo baina ya vituo vya forodha huko Busia, iliyoanza miaka ya 1960 na kuitwa boda boda, ilizidi kukita mizizi. Kisangani baadaye ilipata toleka zake, Shinyanga ikaziita zake daladala, na Rwanda ikawa na abanyonzi. Huduma zote hizi zilisimama juu ya ufundi uliokwisha kukomaa uani, maana baiskeli ya kukodi huchakaa upesi, na mwendeshaji anayemlipa fundi kwa kila kasoro habaki na nauli.

Namba 26 na namba 28

Kulegezwa kwa biashara kuanzia katikati ya miaka ya 1980 kulileta baiskeli nyingi zaidi, na baadaye zile za mtumba kutoka Ulaya na Japani. Hapa ndipo mzunguko wa vipuri ulipoanza kukwama. Tairi lililoandikwa 26 laweza kuwa la rimu yenye kipenyo cha milimita 559, kama zilivyo baiskeli za milimani, au milimita 590, kama zilivyo nyingi za mjini. Lililoandikwa 28 laweza kuwa la milimita 635, yaani lile la Black Mamba, au la 622. Namba ni moja, tairi haliingii. Kaya iliyokuwa na baiskeli tatu zinazolishana inajikuta na baiskeli tatu zisizojuana, na ile fremu ya kwenye boriti haina tena cha kutoa.

Suluhisho la kiufundi lipo: kipimo cha kimataifa chenye namba mbili, kwa mfano 40-635, huchapwa ubavuni mwa tairi, na namba ya pili ndiyo kipenyo cha rimu kwa milimita. Kinachokosekana ni neno. Hakuna istilahi ya Kiswahili iliyokubaliwa ya kukiita kipimo hicho, ambayo mnunuzi wa Bukoba angeitamka dukani na mwenye duka wa Kigali au Bujumbura akaielewa. Makala haya yanapendekeza kipenyo cha kikalio, kwa kuwa ndipo tairi linapokalia, na kwa kuwa kukalia ni kitenzi ambacho mafundi wanakitumia tayari.

Mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa za forodha, ambao ndio msingi wa ushuru wa pamoja wa Jumuiya, unatenganisha vitu hivi kwa uangalifu: baiskeli ni 8712, rimu na njiti ni 8714.92, vitovu na friwili 8714.93, breki 8714.94, matairi mapya ya baiskeli 4011.50, mipira ya ndani 4013.20. Ibara ya 137 ya Mkataba wa Jumuiya wa mwaka 1999 ilitaka Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya mawasiliano mapana. Vifungu hivi sita vya forodha vingeweza kupata majina ya Kiswahili yanayotokana na mafundi wenyewe kwa kazi ya miezi michache: kukusanya maneno Busia, Kigoma, Bujumbura na Lubumbashi, kuyalinganisha, na kuyaandika kando ya namba hizo. Mashauriano hayo yafanyike wakati wazee waliofungua vitovu wakati wa magendo wangalipo. Gharama yake ni ndogo kuliko ile ya kontena moja la matairi yaliyoagizwa kwa namba isiyo sahihi.

Kwa sasa baadhi ya mafundi wamejitafutia njia. Huweka rimu kuukuu ukutani, moja ya kila kipenyo, bila maandishi yoyote. Mteja anayeleta tairi alilolinunua mbali hulivisha kwanza rimu hizo, moja baada ya nyingine, ndipo baiskeli yenyewe ifunguliwe.