Kulipa kwa Mwili

Mwaka 1159 Mfalme Henry wa Pili wa Uingereza aliwatoza makabaila wake kodi ya ngao: asiyekwenda vitani alitoa fedha, akabaki kwake. Huku kwetu Tanga mambo yalikwenda kinyume. Mwaka 1898 Wajerumani walianza kudai kodi ya nyumba, rupia 3 huko mashambani. Asiye na rupia alilipa kwa jasho. Kufikia 1907, kule Usambara ikaja kadi: siku 30 za kazi kwa setla katika kila miezi minne, la sivyo kazi ya shokoa ya serikali. Kabaila alinunua siku zake, Mshambaa alizitoa. Nikilipa kodi kwa noti, huwakumbuka waliolipa kwa siku za umri wao.