Stima ya Njia Moja

Baadhi ya nyumba za Subukia, katika kaunti ya Nakuru, zina stima mbili. Karibu na mlango iko mita ya tokeni ya Kenya Power. Juu ya mabati iko paneli ya sola, waya wake ukiteremka hadi kwenye betri chini ya meza. Tokeni zikiisha, swichi ya pili inabonyezwa. Stima hizi mbili hazijuani. Ya jua ikizidi mchana, haina pa kwenda.

Mambo yalipangwa hivyo tangu zamani. Mwaka 1908 mfanyabiashara Harrali Esmailjee Jeevanjee alileta Mombasa jenereta iliyokuwa ikimulika kasri la Sultani wa Zanzibar. Nairobi nayo ikapata kampuni yake, na mwaka 1922 kampuni hiyo na ile ya Mombasa zikaungana kuwa East African Power and Lighting. Mabwawa ya Mto Tana yakaja, kisha mvuke wa ardhini wa Olkaria uliotoa megawati 15 za kwanza mwaka 1981, lakini mtindo ukabaki uleule: mtambo mkubwa huku, mteja kule, stima ikienda upande mmoja tu.

Waliokaa mbali na nyaya walijitafutia. Mwaka 1984 Mark Hankins na Harold Burris walifunga sola katika shule ya Karamugi, Meru, na mafundi waliofunzwa huko wakaugeuza ujuzi huo kuwa biashara. Kwa miaka mingi Wakenya wamenunua paneli dukani kwa pesa zao, bila kungoja nguzo.

Nayo gridi, yaani mtandao wa stima wa taifa, ni dhaifu kuliko tunavyodhani. Stima inayozalishwa lazima ilingane na inayotumika kila sekunde, masafa, yaani mizunguko ya stima kwa sekunde, yakikaa karibu na 50; yakishuka mno, mitambo hujizima mmoja baada ya mwingine ili isiharibike. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru na nchi nzima ikawa gizani. (Tumbili mwenyewe alipona.) Giza likarudi tarehe 25 Agosti 2023, na Kenya Power ikabishana na wenye mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, wa megawati 310, juu ya nani alianza kuanguka.

Upepo wa huko una tabia yake: huvuma sana usiku, watu wamelala. Chanzo kimoja kikubwa hakitoshi; gridi inahitaji vyanzo vingi vidogo vinavyosikilizana. Naivasha, katika kaunti hiyohiyo ya Nakuru, shamba la Gorge Farm limezalisha stima kwa gesi ya mabaki ya mboga na kuiuzia gridi ziada yake. Sheria ya Kawi ya 2019 ikamfungulia mlango mwenye mtambo usiozidi megawati 1 aingize stima yake ya ziada kwenye gridi; kanuni zake zikafuata mwaka 2024. Anahitaji mita inayohesabu pande zote mbili, na inverta inayojikata gridi ikizimika, la sivyo fundi aliye juu ya nguzo anaweza kupigwa na stima ya jirani.

Mawasiliano ya kuviongoza vyanzo hivyo kutoka mbali si mageni. Kampuni ya M-KOPA iliuza sola kwa malipo ya M-Pesa, na mteja alipochelewa kulipa, kifaa kilifungwa kutoka mbali kwa mtandao wa simu. Betri za vifaa hivyo ni ndogo mno kuiinua gridi. Lakini teknolojia inayomzimia mtu taa kwa sababu ya deni inaweza pia kuiamuru betri kubwa zaidi itoe stima saa mbili usiku, wakati kila nyumba imewasha taa.