Kitabu cha Picha cha Mwaka 1915

Wasikilizaji, katika vyuo vya Marekani iko desturi ya zamani. Kila mwaka wanafunzi wanaomaliza masomo hutunga kitabu kikubwa, na ndani yake hutiwa picha ya kila mmoja wao, jina lake, mji atokao, na maneno machache ya kumsifu au kumdhihaki, yaliyoandikwa na wenzake. Mtu akikitazama kitabu hicho siku kinapotoka huona mchezo wa vijana tu. Walakini kikiisha kukaa miaka mingi hugeuka kuwa ushahidi, kwa maana sisi tukisomao twajua mambo ambayo wale waliopigwa picha hawakuyajua.

Napenda kueleza habari za kimoja katika vitabu hivyo, cha chuo cha kijeshi cha West Point, kilichoanzishwa mwaka 1802 kando ya mto Hudson katika jimbo la New York. Kitabu chao huitwa Howitzer, nalo ni jina la mzinga mfupi urushao makombora kwenda juu. Darasa la mwaka 1915 lilikuwa na vijana 164, nao walihitimu tarehe 12 Juni. Wakati ule vita kuu ya kwanza ilikuwa imekwisha kuwaka Ulaya, na hata huku kwetu Afrika ya Mashariki, ila Marekani ilikuwa bado haijaingia.

Chuo kile kiliwapanga wanafunzi kwa nambari, tangu wa kwanza hata wa mwisho. Wa kwanza alikuwa William Covell, naye baadaye alifika ujemadari, kwa hiyo tusiseme kwamba mitihani ilikuwa ya uwongo. Lakini tazameni wengine. Omar Bradley alikuwa wa 44. Dwight Eisenhower alikuwa wa 61 kwa masomo, na kwa adabu na utii wa sheria za chuo alikuwa wa 125. James Van Fleet alikuwa wa 92. Mwalimu gani, akiishika orodha ile mkononi, angewachagua hao watatu?

Maneno ya wenzao yana maana kuliko nambari. Ukurasa wa Eisenhower umejaa mzaha: wamcheka kwamba ajiona ndiye mzuri wa sura kupita wote, na wataja jinsi goti lake lilivyovunjika alipocheza mpira juu ya chuo cha Tufts. Goti hilo karibu limnyime uofisa kabisa. Ukurasa wa Bradley ni wa namna nyingine, nao uliandikwa na Eisenhower mwenyewe. Asema kwamba mwenzake huyu ni mtu wa kufika anakokwenda, na kwamba akiendelea kwa mwendo ule aliouanza, siku moja wengine watajivuna kuwa walisoma pamoja na Jemadari Bradley. Bradley alikuwa mtoto wa mwalimu wa shule ya shamba huko Missouri, na baba yake alikufa mwanawe akiwa bado mdogo. Sisi walimu twaweza kuona fahari kidogo kwa habari hiyo.

Hata hivyo utabiri ule ulikawia sana kutimia. Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, Bradley hakupelekwa Ufaransa. Alitumwa Montana kulinda machimbo ya shaba. Eisenhower aliwekwa Gettysburg kufundisha askari wa vifaru, na amri yake ya kusafiri ilipokuwa tayari, vita vilikwisha tarehe 11 Novemba 1918. Kisha ikaja amani, na katika amani jeshi dogo halina nafasi za kupandisha watu vyeo. Eisenhower alikaa na cheo cha meja kwa miaka ipatayo 16. Bradley alirudi West Point akafundisha hesabu. Van Fleet alicheleweshwa kupita wote, kwa sababu mkuu wa jeshi alimdhania kuwa ofisa mwingine, mlevi, mwenye jina lililokaribia kufanana na lake. Tarehe 6 Juni 1944, majeshi yaliposhuka pwani ya Normandy, Eisenhower alikuwa amiri wa majeshi yote, Bradley aliongoza jeshi la Marekani lililoshuka siku ile, naye Van Fleet alishuka akiwa kanali tu, mwenye rejimenti moja. Mwaka 1951 ndiye aliyepewa jeshi zima huko Korea.

Katika wale 164, watu 59 walipata nyota ya ujemadari, hata likaitwa darasa lililoangukiwa na nyota. Sababu yake si muujiza. Mwaka 1939 jeshi la Marekani lilikuwa na askari wasiozidi laki mbili. Mwaka 1945 walipita milioni nane. Jeshi lililokua hivyo lilihitaji wakubwa wengi kwa ghafula, na waliokuwa na umri wa miaka hamsini hivi, waliosoma na kungoja, walikuwa hao. Kama wangalizaliwa miaka kumi mbele au nyuma, wengi wao wangalimaliza kazi wakiwa makanali, wasijulikane.

Lakini mtu akifunua kitabu kile hana budi kuziona pia nyuso zisizokuwamo. Charles Young, mtu mweusi, alihitimu West Point mwaka 1889, akatumika miaka mingi, akafa Lagos mwaka 1922. Baada yake hakuhitimu mweusi mwingine hata mwaka 1936, alipotoka Benjamin Davis. Kwa hiyo katika kitabu cha 1915 hayumo hata mmoja. Huyo Davis alisoma miaka minne bila mwenzake wa chumba, na bila mtu kusema naye isipokuwa kwa jambo la kazi, maana wanafunzi walikuwa wamepatana kumnyamazia ili aondoke. Hakuondoka. Alitoka wa 35 katika 276, na mwaka 1954 akawa jemadari katika jeshi la anga.

Picha yake imo katika Howitzer ya mwaka 1936. Karibu nayo yamepigwa chapa maneno kwamba wenzake wanastaajabia ushujaa wake, uvumilivu wake na akili zake. Kwa miaka minne hawakupata kumwambia hayo kwa kinywa.