Kariokor ilijengwa watu wasipendane

Kuna mzee anatengeneza akala hapo sokoni Kariokor. Nimemjua tangu nikiwa mdogo, yeye na ile redio yake iliyofungwa na raba. Mwezi uliopita nilienda kupiga video ya viondo, tukapiga stori kidogo, akaniuliza ile bendi yetu iliishia wapi. Nikamwambia ilivunjika. Akacheka. Alikuwa amesikia kwamba iliharibiwa na mapenzi.

"Wanamuziki wa zamani walikuwa na adabu, kijana wangu," akasema. "Nyinyi wa siku hizi mnapendana vile mmeona kwa simu."

Sikumjibu. Utamjibu aje mzee ameshika kisu cha kukata tairi? Lakini redio yake wakati huo ilikuwa inacheza Malaika, na yeye mwenyewe alikuwa anaufuatisha polepole, na nikaenda nyumbani nikiwaza kama amewahi kusikiliza anachokiimba.

Mnaonifuata mnajua niliacha chuo mwaka wa pili, na kozi yenyewe haikuwa ya historia. Haya nimeyasoma mwenyewe, usiku, na bando za kukopa. Wacha tuanze na jina la mtaa.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza 1914, Waingereza walikuwa wanapigana na Wajerumani waliotawala Tanganyika. Barabara za malori hazikuwa, na punda na ng'ombe walikuwa wanamalizwa na mbung'o. Kwa hivyo mizigo ya vita, chakula na risasi, ikabebwa na watu. Kikosi cha wapagazi kikaitwa Carrier Corps. Ulimi wa watu wetu ukakikunja kikawa Kariokor, na kule Dar es Salaam kikawa Kariakoo. Makumi ya maelfu ya hao wapagazi hawakurudi, na wengi waliuawa na magonjwa na njaa kuliko risasi. Mtaa wetu ulirithi jina la kambi yao.

Halafu, mwisho wa miaka ya 1920, manispaa ikajenga hapa makao ya wafanyakazi Waafrika. Ukisikia makao usifikirie haya magorofa ya sasa. Yalikuwa mabweni ya wanaume. Ulikuwa unakodi mahali pa kulala, basi, na pembeni yako amelala msee hujui hata ametoka wapi. Hesabu ya serikali ilikuwa hivi: Mwafrika anakuja Nairobi kufanya kazi, kipande chake kinaning'inia shingoni, mke anabaki rizavu, na kazi ikiisha anarudi. Mshahara wenyewe ulipigiwa hesabu ya tumbo moja. Ni mwaka 1954 ndio kamati ya serikali iliyoongozwa na Carpenter ilikubali kwamba mfanyakazi Mwafrika anafaa kulipwa pesa za kutosha yeye na familia. Karibu kizazi kizima kilikuwa kimepita.

Fikiria hapo kidogo. Wewe ni kijana wa miaka 19, uko mjini, na umepangiwa maisha ambayo ndani yake hakuna nafasi ya kupenda mtu. Mtu akikutembelea hakuna mlango wa kufunga.

Watu walipenda hata hivyo. Ukitoka Kariokor kwa miguu unafika Pumwani kabla hujachoka, na Pumwani kulikuwa na wanawake waliokuwa na nyumba zao wenyewe. Luise White aliandika kitabu kuhusu wao kilichotoka 1990, baada ya kuwahoji wengi wakiwa wazee. Kitabu chenyewe ni kuhusu umalaya, sitawaficha, lakini ukisoma unakuta mambo mengi zaidi: wanawake wanauza chai, wanakodisha vyumba, wanaishi na mwanamume miaka mingi bila mahari na bila wazee kukaa chini kuongea. Wengine walirithisha nyumba zao kwa watu waliowachagua wenyewe, wakaruka baba na kaka zao kabisa. Hilo ndilo liliwakasirisha watu wa nyumbani. Luo Union, kwa mfano, ilikuwa inawatafuta wanawake wa Kiluo walioishi Nairobi bila ndoa na kuwarudisha Nyanza. Walisema wanalinda heshima ya jamii. Mnalijua hilo neno. Bado liko kazini.

Sasa tufike kwa bendi.

Baada ya Vita vya Pili walirudi wanajeshi waliokuwa wanatumbuiza wenzao huko mbali. Fundi Konde ni mmoja wao. Wakarudi na gitaa na mitindo mipya, na vijana wadogo wakawa wanatazama. Kati ya hao vijana kuna Fadhili William, Mtaita, aliyezaliwa 1938, na Daudi Kabaka, Mluhya, aliyezaliwa 1939. Walikuwa wa rika moja, na mkifanya hesabu mtaona walikuwa vijana wa miaka kama 15 wakati wa Operesheni Anvil, Aprili 1954, wanajeshi walipozingira Nairobi na kuwakamata Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa maelfu na kuwapeleka kambini. Kabila lako ndilo lilikuwa linaamua kama unalala kwako ama Manyani.

Ndio maana mimi hushtuka nikisoma orodha ya wanabendi wa Equator Sound, studio ya Charles Worrod, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kuna Fadhili, kuna Kabaka, kuna Gabriel Omolo ambaye ni Mjaluo, halafu kuna Nashil Pichen na Peter Tsotsi waliotoka Zambia. Mjini kila mtu ana chama cha kabila lake, na hawa wako chumba kimoja, wanaimba Kiswahili, wanagawana maikrofoni. Sitasema walikuwa malaika (samahani, imenitoka). Waligombania doo na majina kama bendi yoyote. Lakini urafiki wao wenyewe ulikuwa unaenda kinyume na vile mji ulipangwa.

Na waliimba kuhusu nini? Mapenzi yenye shida. Kabaka ana Msichana wa Elimu. Fadhili na Jambo Boys wakarekodi Malaika, wimbo wa kijana anayetaka kuoa na hana pesa. Adui kwenye huo wimbo ni mahari, yaani utaratibu wenyewe wa wazee. Kijana hata hatukani mtu, anasema tu ameshindwa. Mwaka huo ulioimbwa hiyo ilikuwa stori ya nusu ya wanaume wa Kariokor, waliolipwa mshahara wa tumbo moja kisha wakaulizwa mbona hawaoi kwa heshima.

Nani aliutunga, hapo kuna vita hadi leo. Fadhili alisema ni wake. Adam Salim, mtunzi kutoka Tanganyika, akasema aliutunga akiwa Nairobi katikati ya miaka ya 1940, kwa ajili ya mpenzi wake aliyelazimishwa na wazazi kuolewa na tajiri. Mimi siamui kesi. Kinachonivutia ni kwamba stori zote mbili zinaanza pamoja: kijana, Nairobi, msichana, na watu wazima wenye hesabu yao. Kisha wimbo ukaenda kwa Miriam Makeba na Harry Belafonte, ukawa kwenye albamu yao ya 1965, Boney M wakauchukua 1981, na ukawa na pesa nyingi ndani yake kuliko kijana wa wimbo alivyowahi kuota. Helule Helule ya Kabaka nayo The Tremeloes waliipeleka hadi nambari 14 Uingereza mwaka 1968. Fadhili na Kabaka walikufa mwaka mmoja, 2001. Na Malaika siku hizi unapigwa kwa harusi ambako mahari imelipwa mpaka senti ya mwisho. Nimeenda harusi tatu hivyo. Wajomba ndio huimba kwa sauti zaidi.

Sasa mzee wangu wa akala, mapenzi ya bendi yetu hayakuwa ya mahari. Hapo ndipo stori inanishika koo.

Tulikuwa watano, sisi wote miaka 17 ama 18. Mimi nilipiga ngoma. Mwimbaji alikuwa msichana wa hapa mtaani, wa besi pia alikuwa msichana, na tulifanyia mazoezi ukumbini Jumamosi baada ya kwaya kumaliza. Nilimpenda mwimbaji na kila mtu alijua isipokuwa mimi nilifikiri nimeficha. Yeye na wa besi walikuwa wanapendana. Hakuna siku mtu alisema. Ilikuwa tu vile walikuwa wanashirikiana spika moja ya masikio, na vile mmoja akikosea noti mwingine anakosea naye makusudi ili asiwe peke yake. Sisi wengine wanne (nahesabu hata mpiga kinanda wa kukodi) tulizoea. Kwa miezi hivi tulikuwa sawa kabisa, na hiyo ndiyo huniuma, tulikuwa sawa.

Siku moja mwimbaji akaniambia, kwa upole, kwamba ananipenda kama kaka yake. Nikakasirika kijinga, nikaenda nikamwambia msee mmoja kwa nini amenikataa. Maneno yalifika kwa mathe wa msichana wa besi kabla ya wiki kuisha. Wiki iliyofuata alikuwa ocha, shule mpya, laini ya simu imezimwa. Bendi ikaisha hapo. Kwa hivyo mzee alikosea: mapenzi hayakuivunja. Ni mimi.

Nilikuwa nikijitetea na ile ya "hayo mambo ni ya kuletwa". Hadi nikaangalia tarehe. Kanuni ya Adhabu yenye vifungu wanavyotishiwa navyo watu kama wao ilianza kutumika Kenya 1930. Mwaka 1930, jamani. Ni serikali ileile, miaka ileile, iliyojenga mabweni ya Kariokor. Ofisi moja iliamua mfanyakazi hafai kulala na mkewe mjini, na ofisi hiyohiyo ikaamua nani apende nani. Ya kwanza tuliitupa, tukaiita ukoloni. Ya pili tukaibakisha, tukaiita mila zetu. Mei 2019 majaji watatu wa Mahakama Kuu waliombwa waiondoe, wakakataa.

Kuhusu mila, kuna kitu watu hupenda kurusha: kwamba Wakamba wana iweto, Wanandi wana mwanamke kuoa mwanamke, na Mahakama Kuu ya Mombasa ilitambua ndoa kama hiyo ya Kinandi mwaka 2011 kwenye kesi ya urithi. Ni kweli. Lakini tusidanganyane. Ile ndoa ilikuwa ya kupata mrithi na kulinda mali, haikuwa ya watu wawili kupendana kama wale wangu, na sitaivisha nguo ambayo si yake ndio nishinde mjadala. Inaonyesha jambo dogo tu, kwamba wazee walijua kuna zaidi ya njia moja ya kufanya nyumba.

Mwaka 2018, kabla hata bendi yetu haijaanza, filamu ya Wanuri Kahiu, Rafiki, ilipigwa marufuku na bodi ya filamu. Ni wasichana wawili wa mtaa wa Nairobi wanaopendana. Ilienda Cannes, filamu ya kwanza ya Kenya kufika huko, na nyumbani haikuruhusiwa. Kahiu alisema bodi ilitaka abadilishe mwisho, kwamba ulikuwa na matumaini kupita kiasi. Septemba mahakama ikaifungulia siku saba. Watu walijaza sinema. Kisha siku saba zikaisha ikafungwa tena. Nyimbo zilizo ndani ni za wanawake wa Kenya, na Suzie Noma ya Muthoni Drummer Queen ndiyo tulifanyia mazoezi siku ya kwanza. Msichana wa besi ndiye aliichagua. Mimi sikujua imetoka wapi. Nadhani mwimbaji alijua.

Nilirudi kwa mzee Jumamosi iliyopita. Nilitaka kumpa hii historia yote, mabweni na kila kitu. Alisikiliza akipiga misumari, akauliza kama kweli palikuwa mabweni, akasema babake alilala humo na hakuwahi kueleza vile palikuwa. Halafu akaniambia mamake alikuja Nairobi kwa siri, mara mbili, na mara ya pili akakataa kurudi. Akaendelea na kiatu. Wala hakusema kama amebadilisha mawazo kuhusu simu zetu, na mimi sikuuliza.

Usiku huo nilimtumia msichana wa besi ujumbe, kwa namba niliyoipata kwa mwimbaji, ambaye huwa tunaongea tena, kidogo kidogo. Niliandika kwamba ni mimi nilisema. Nilifikiri labda alikuwa anajua. Hakuwa anajua.

Alikaa siku mbili. Kisha akauliza gitaa lake la besi liko wapi. Liko kwangu, chini ya kitanda, na nyuzi mbili zimekatika. Leo naenda tao kutafuta hizo nyuzi.