Risoto: Wali Unaokorogwa

Anayejifunza kupika wali katika jiko la Kiswahili huonywa mapema asiuguse mchele ukishaanza kuchemka. Maji yakikaribia kukauka, sufuria hufunikwa, moto hupunguzwa, makaa machache hupaliwa juu ya mfuniko, na kazi inayobaki ni subira. Sifa anayoingoja mpishi ni moja: wali uchambuke, usigandane. Risoto huvunja masharti hayo yote. Hupikwa bila mfuniko, hukorogwa tangu supu ya kwanza hadi ya mwisho, na huletwa mezani ikiwa rojorojo. Mpishi wa Milano au Venezia akiona punje zimechambuka sahanini, anajua kwamba kazi yake imeharibika.

Ndiyo maana anayetaka kulieleza neno hili kwa Kiswahili hawezi kuandika "wali wa Kiitalia" kisha akatua kalamu. Msomaji atapika wali wa kawaida, atautia samaki, na atashangaa sifa za risoto zilitoka wapi.

Jina limetokana na riso, neno ambalo kwa Mwitalia ni mpunga ulioko shambani, mchele ulioko guniani na wali ulioko sahanini, vyote kwa pamoja. Kiswahili kimegawa kazi hiyo kwa maneno matatu, na mgawanyo huo unasaidia sana hapa. Risoto ni aina ya wali. Mapishi yanayosema "pima gramu 300 za risoto" yamechanganya mambo: kinachopimwa ni mchele wa risoto, na risoto yenyewe huzaliwa sufuriani. Mchele huo una majina yake. Upo Arborio, ulioitwa kwa jina la mji mdogo wa jimbo la Vercelli. Upo Carnaroli, uliozalishwa mwaka 1945. Na upo Vialone Nano, unaopendwa zaidi upande wa Verona na Mantova. Yote ni michele ya bonde la mto Po, kaskazini mwa Italia, ambako kilimo cha mpunga kilikwishaanza katika karne ya 15. Mwaka 1475 mtawala wa Milano, Galeazzo Maria Sforza, aliandika barua ya kumpelekea mtawala wa Ferrara magunia ya mbegu za mpunga.

Wilayani Serengeti, mkoani Mara, neno hili limeingia kwa mlango wa utalii. Risoto ni miongoni mwa vyakula ambavyo mpishi anayehudumia wageni kutoka Ulaya hutarajiwa kuvijua, na kijana wa Mugumu au Robanda anayepata kazi katika jiko la hoteli hukutana nalo kwenye menyu kabla hajaliona katika kitabu chochote cha Kiswahili. Ulimi haupati taabu nalo. Limeishia kwa irabu tayari, silabi zake ni nyepesi, na kinachodondoka ni t moja tu ya maandishi ya Kiitalia. Pilau, biriani, sambusa, chapati na makaroni vilipita njia hiyohiyo ya kutoholewa, na leo hakuna anayeviona kuwa vigeni. Hata ngeli imejipanga yenyewe: risoto imeiva, risoto hizi zimepoa.

Lakini kutohoa ni nusu ya kazi. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, limekuwa likisanifisha istilahi za fani nyingi, na yeyote aliyewahi kufuatilia kazi hiyo anajua kwamba istilahi bila fasili ni mlango usio na nyumba. Fasili ndiyo inayomwambia msomaji afanye nini. Kwa hiyo lazima Kiswahili kiulizwe kina maneno gani kwa wali laini.

Kinayo mengi. Kuna mashendea, wali wa majimaji uliopikwa mpaka ukalainika kabisa. Huko nyumbani ni chakula cha mgonjwa na cha asiyeweza kutafuna. Kuna ubwabwa, ambao mitaani umekuwa jina la wali wowote ule, lakini kwa mama mwenye mtoto mdogo bado ni wali uliolainishwa. Kuna bokoboko, chakula maarufu cha Zanzibar na Mombasa, ngano au mchele na nyama vikipikwa na kupondwa mpaka nyama isitambulike. Bara, neno hilohilo ni lawama anayopewa mpishi aliyezidisha maji. Na kuna mseto, mchele na choroko vilivyopikwa pamoja vikapondwa, ambao watu wa pwani huupenda kwa samaki. Huu wa mwisho ndio ndugu wa karibu kuliko wote, kwa sababu ulaini wake ni wa makusudi na unasifiwa. Hata hivyo katika mseto punje zimepondeka, na katika risoto kila punje bado ni nzima, ina ukinzani kidogo jinoni, ila inaogelea katika uzito ulioutoa mchele wenyewe. Uzito huo una jina zuri la Kiswahili: rojo.

Rojo hiyo hutoka wapi? Katika mchele mna wanga, na wanga ni wa aina mbili: amilosi, ambayo molekuli zake ni nyuzi ndefu zilizonyooka, na amilopektini, ambayo molekuli zake zina matawi mengi. Mchele wenye amilosi nyingi huiva ukachambuka. Wenye amilopektini nyingi hunata. Chembe za wanga zikikutana na maji ya moto hunyonya, huvimba, na zinapokorogwa zinasuguana hadi zile za nje ya punje zinaachia wanga wake kwenye supu. Mafuta yaliyomo hukamatwa na wanga huo, na mchuzi unakuwa mzito pasipo kutiwa unga wala krimu. Arborio inaachia wanga kwa wingi. Carnaroli huachia pia, lakini kiini chake hustahimili moto zaidi, na ndiyo sababu wapishi wengi wa Italia wanaithamini.

Sasa utazamwe mkoa wa Mara. Wilaya zake za Tarime na Serengeti kwa asili ni nchi ya ugali. Meza ya Mkuria, Mngoreme, Mwikoma au Mnata imesimama kwa muda mrefu juu ya ulezi, mtama na muhogo, baadaye mahindi, na wali ulikuwa chakula cha harusi na sikukuu. Mtu anaweza kudhani hapo ni mahali pagumu pa kufundishia risoto. Ukweli ni kinyume chake. Mwenye kukoroga uji wa ulezi kila asubuhi ameishika kazi ya wanga kwa mkono wake: anajua kwamba ukiacha kukoroga unafanya madonge, kwamba uji ukiwa mzito sana huongezwa maji ya moto na si ya baridi, kwamba ukishaepuliwa bado utaendelea kuwa mzito. Mambo hayo matatu ndiyo yanayowashinda wapishi wa wali wanapojaribu risoto kwa mara ya kwanza. Jiko la pwani lina ustadi wa punje. Jiko la Tarime lina ustadi wa mwiko, na risoto inadai mwiko.

Istilahi za hatua zake nazo ziko tayari. Hatua ya kwanza, ambayo Waitalia huiita tostatura, ni kukaanga mchele mkavu katika mafuta, jambo ambalo mpika pilau yeyote analielewa. Hatua ya mwisho huitwa mantecatura, na hiyo imewatesa watafsiri wengi, kwani ni kuondoa sufuria motoni, kutia siagi baridi, na kupiga kwa nguvu mpaka rojo iwe laini na ing'ae. Kiswahili cha jikoni kina kitenzi chake: kuunga. Mboga huungwa kwa karanga, dagaa huungwa kwa nazi, na kunde kwa maziwa au samli. Kila mara maana ni kukipa chakula kilichoiva unono unaokishikanisha. Risoto huungwa kwa siagi. Hapana haja ya kukopa neno la kigeni pale ambapo bibi wa Nyamwaga au Nata analo lake.

Fasili basi inaweza kuandikwa hivi: risoto ni wali wa rojo unaopikwa bila kufunikwa, kwa kukorogwa huku ukitiwa supu ya moto kidogo kidogo, kisha ukaungwa kwa siagi unapoepuliwa.

Kwa risoto ya samaki, Mara ina bahati ambayo Milano haina. Samaki wabichi hufika Tarime kutoka mialo ya Rorya, na Mugumu hupata wake kutoka upande wa Musoma na Bunda. Sangara ndiye anayefaa zaidi: mnofu wake ni mnene, mweupe, hauna miiba midogo na haumeguki haraka. Upande wa pili wa mpaka wa Sirari, Isebania nchini Kenya, huitwa mbuta, na Uganda ni mputa; anayenunua mpakani hana budi kuyajua majina yote. Sato ni mtamu kuliko sangara lakini humeguka, hivyo hutiwa dakika za mwisho kabisa. Wote wawili waliletwa Ziwa Victoria katika karne iliyopita. Ningu, mwenyeji wa kale anayepanda mito wakati wa mvua, ukiwemo Mto Mara unaopita kati ya wilaya hizi, amepungua mno kwa sababu ya nyavu za midomoni mwa mito. Ana miiba mingi, lakini supu yake ni nzuri. Kambale naye ana ladha, ila Wasabato, ambao ni wengi mkoani Mara, hawamli kwa kuwa hana magamba, na mpishi mwenye wageni atamwacha.

Supu ndiyo roho ya chakula hiki. Kichwa na mifupa, vile vinavyoitwa mapanki katika miji yenye viwanda vya minofu, vinatosha. Matamvua yaondolewe kwanza kwa kuwa yanatia uchungu. Mifupa ichemshwe polepole kwa nusu saa pamoja na kitunguu, karoti na mabua ya giligilani, isizidi hapo, kisha supu ichujwe na ibaki ikifuka jikoni pembeni. Supu ya baridi ikitiwa kwenye mchele hushusha joto, na punje huiva nje zikabaki ngumu ndani.

Kwa watu wanne hutosha gramu 320 za mchele, lita moja na robo ya supu, nusu kilo ya minofu na gramu 50 za siagi au samli. Arborio haipatikani kirahisi katika soko la Tarime au Mugumu, na pengine si lazima. Mchele wa Usukumani unafaa ukichanganywa na chenga, kwa kuwa punje iliyovunjika ina kingo nyingi za kuachia wanga. Mnunuzi achukue sehemu tatu za mchele mzima na moja ya chenga, na bei nayo itakuwa nafuu. Mchele upepetwe na kuchaguliwa mawe vizuri kwenye ungo. Usioshwe mara tatu kama ilivyo desturi, kwa sababu yale maji meupe yanayomwagwa ndiyo rojo yenyewe. Kama una vumbi, usuuzwe mara moja upesi na uachwe ukauke.

Kitunguu kikikaangwa kikalainika bila kubadilika rangi, mchele hutiwa na kugeuzwa mpaka kila punje ipate joto na kung'aa. Mwitalia hapo angemimina mvinyo mweupe. Nyumba isiyotumia pombe itatumia nyanya moja iliyosagwa au maji ya nusu limau, maana kinachotafutwa ni ukali kidogo wa kukata mafuta. Ndipo supu huingia kwa upawa, mmoja mmoja, mwingine ukingoja wa kwanza unyonywe. Moto uwe wa kati. Katika vitabu muda ni dakika 18 hivi, lakini mji wa Tarime uko takribani mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hiyo dakika nne au tano zaidi si ajabu. Kuonja ndiko kunakoamua. Vipande vya sangara hutiwa zikibaki dakika tano.

Kisha sufuria huepuliwa, ikatulia dakika moja, na wali ukaungwa. Jibini huachwa, hata Waitalia wengi hawaiweki katika risoto ya samaki, wakiona inafunika ladha ya majini. Zafarani ya Milano ni anasa inayoweza kusamehewa, na manjano kidogo hutoa rangi bila kudai kuwa zafarani. Sahani ikiinamishwa risoto inapaswa kutiririka taratibu. Waitalia husema iko all'onda, yaani inakwenda kwa wimbi. Ikisimama kama ugali, upawa mmoja wa supu ya moto huirudisha.

Huliwa papo hapo, kwa kijiko, jioni za baridi za milima ya Tarime hasa, wakati mtu aliyechoka anataka kitu cha moto kinachoteremka kooni bila kazi. Walaji ndio wanaopaswa kuingoja risoto, kwa kuwa ikikaa robo saa wanga huganda. Kiporo chake hakirudi kuwa rojo hata kikiongezwa maji. Milano hukikandika kwenye kikaango na kukikaanga pande zote mbili mpaka kiwe na ukoko, na Sicilia hutengeneza maandazi ya mviringo ya wali yaliyojazwa nyama. Kwa nyumba isiyo na jokofu, risoto yenye samaki imalizwe usiku uleule.